Watoto kwenye kochi la shangazi: ubongo unavyojitungia dunia ndani ya kichwa

Shangazi yangu anaishi mtaa wa Umoja, Nairobi, ghorofa ya pili, na amekaribia miaka 80. Mwaka juzi nilianza kuona kwamba halikalii tena lile kochi la dirishani ambalo kwa miaka yote lilikuwa lake, hakuna mgeni aliyethubutu kulikalia. Nilipomuuliza alinyamaza kidogo, akaenda kurudisha mlango, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Kuna watoto wanakaa pale." Watatu, siku nyingine wanne, wamevaa sweta za shule. Hawasemi, hawamwangalii. "Najua hawapo," akasema. "Lakini nawaona. Wewe usiwaambie wenzako, watasema nimeanza kuharibika kichwa."

Niliwaambia, bila shaka. Jumapili iliyofuata familia ikakaa. Kaka yangu mkubwa alitaka aitwe mchungaji. Binamu alisema nyumba ina jini, tuihame. Mke wake akanong'ona kuhusu ugonjwa wa kusahau. Na mpwa wangu wa chuo, aliyekuwa kimya na simu yake muda wote, akainua kichwa akasema sote tumekosea: sayansi imeshathibitisha kwamba hakuna kitu halisi, dunia nzima ni ndoto inayotungwa na ubongo, na hilo kochi lenyewe halipo.

Kauli hiyo ya mpwa wangu sasa inazunguka kila mahali, kwenye video fupi, kwenye matatu, hata kwenye mahubiri. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoifanya iuzike.

Tuanze na maneno, kwa sababu mabishano mengi ya jambo hili ni ya maneno. Kiswahili kimetutangulia kazi. Mtu akianguka kwenye foleni kwa jua kali hatusemi amepoteza akili. Tunasema amepoteza fahamu, na akipepewa akazinduka, fahamu zimemrudia. Mwingine akianza kutembea uchi sokoni, huyo tunasema amerukwa na akili, wala hakuna atakayedai hana fahamu. Kwa hiyo mambo ni mawili. Akili ni uwezo wa kupima na kutatua, na hata simu yako inao kiasi. Fahamu ni ile hali ya kuwepo kitu kinachohisiwa: jino linalouma, harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi, ukali wa mwarobaini ulimini. Nikisema dunia ya ndani nitakuwa na maana ya jumla ya yote anayoyahisi mtu mmoja kwa wakati mmoja, rangi na sauti na mwili wake na hofu ya kodi ya nyumba. Na mtazamo ni pale dunia hiyo inapoonekana kuanzia. Daima ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hapa, hayuko pale.

Sasa ubongo wenyewe. Ni kilo moja na nusu kasoro kidogo, wenye seli za neva zipatazo bilioni 86. Ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati, hata ukiwa umejilaza tu. (Ile hadithi kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo ni porojo. Hakuna mwili ungemlisha mgeni ghali hivyo akalale.) Umefungiwa ndani ya fuvu, gizani. Mwanga hauingii mle, wala sauti, wala harufu ya nyama choma. Kinachoingia ni vipigo vidogo vya umeme vinavyopita kwenye nyuzi za neva, na kipigo kinachotoka jichoni ni cha aina ile ile na kinachotoka sikioni.

Basi kutoka kwenye vipigo hivyo unapata wapi sebule, dirisha, watu?

Fikiria stima imepotea usiku. Huketi ukangoja; unainuka kwenda jikoni kutafuta kiberiti. Huoni kitu, lakini unatembea: meza iko hapa, mlango uko hatua tatu mbele, rafu iko mkono wa kulia. Nyumba unayopita ndani yake dakika hiyo iko kichwani mwako, na vidole vinathibitisha tu: naam, huu ni ukingo wa meza. Halafu unajikwaa kwenye kigoda ambacho mtoto alikisogeza jioni. Yale maumivu ya kidole cha mguu ndiyo habari mpya pekee uliyoipata tangu uinuke, na papo hapo nyumba ya kichwani inarekebishwa, kigoda kinawekwa kilipo.

Watafiti wengi wa ubongo siku hizi wanaona kwamba hivyo ndivyo tunavyoishi hata mchana, taa zikiwaka. Ubongo hutanguliza makisio, hisi huleta masahihisho, na tunachokiona ni makisio yaliyokwisha kusahihishwa. Wazo lenyewe si la jana. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliandika tangu miaka ya 1860 kwamba kuona ni kufikia uamuzi bila mwenyewe kujua ameamua.

Usiniamini hivi hivi. Chukua ukurasa wa daftari lenye mistari. Chora msalaba mdogo kushoto, na kulia kwake, umbali wa sentimita 8 hivi, tia nukta nene. Funga jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye msalaba, kisha lete ukurasa polepole kutoka urefu wa mkono kuelekea usoni. Karibu na sentimita 30 nukta itatoweka. Mahali hapo nyuma ya jicho ndipo neva inapotokea kwenda kwenye ubongo, na hapana chembe hata moja ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua tundu hili katika miaka ya 1660. Lakini kutoweka kwa nukta si kitu. Angalia kilichobaki mahali pake: huoni shimo jeusi, unaona karatasi, na mistari ya daftari inapita pale kana kwamba hakuna kilichokosekana. Nani ameichora? Tundu hilo umetembea nalo tangu kuzaliwa, moja kwa kila jicho, na ubongo umekuwa ukilitia kiraka bila kukutoza chochote.

Jaribio la pili halihitaji hata kalamu. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Hutaona macho yako yakisogea hata mara moja. Mtu aliyesimama kando yako atayaona yakiruka waziwazi. Kila jicho linaporuka, ubongo huzima picha kwa muda mfupi mno ili dunia isitetemeke, na ule muda uliopotea unaushona ukauziba. Macho huruka hivyo mara tatu hivi kila sekunde. Hesabu mwenyewe ni kiasi gani cha siku yako kimeshonwa.

Makisio hutegemea mtu alichozoea, na hapo ndipo dunia zetu zinapoanza kuachana. Aliyeshuka basi la mashambani leo asubuhi akifika katikati ya jiji husikia makanga wakipiga kelele. Wewe uliyekulia hapa husikii kelele. Unasikia Rongai, Kayole, Ngong, bei imeshuka, nafasi ni moja. Masikio ni yale yale, hewa inayotikisika ni ile ile. Mnamo Februari 2015 picha ya gauni moja ilizunguka dunia na kugombanisha hata wanandoa: wengine waliapa ni jeupe lenye dhahabu, wengine ni la buluu lenye nyeusi. (Lilikuwa la buluu.) Picha haikuonyesha vizuri taa ya mahali pale, kwa hiyo kila ubongo ulikisia wenyewe ni mwanga wa aina gani, ukauondoa, ukamkabidhi mwenyewe rangi iliyobaki. Hakuna aliyehisi anakisia. Kila mmoja alihisi anaona tu, na kwamba jirani yake ana matatizo.

Turudi kwenye kochi.

Shangazi ana glakoma, ile ambayo wengi huiita presha ya macho. Haimuumizi, inamla kuona polepole kutoka pembeni. Mwaka 1760 mwanazuoni wa Uswisi aitwaye Charles Bonnet aliandika kuhusu babu yake, mzee wa karibu miaka 90 mwenye macho mabovu na akili timamu, aliyekuwa akiona watu, ndege na majengo ambayo hayakuwepo. Hali hiyo leo inaitwa kwa jina lake Bonnet. Inawapata watu waliopoteza sehemu kubwa ya kuona, wala haihitaji wazimu. Sehemu ya ubongo iliyozoea kupokea habari za jicho inapokosa habari hailali. Inaendelea kukisia, na masahihisho hayaji. Mwaka 1998 watafiti wa London waliwaingiza watu wa namna hii kwenye mashine ya picha za ubongo, wakawaomba waashirie kila maono yanapoanza. Aliyeona rangi, eneo la ubongo linaloshughulikia rangi ndilo lililochangamka. Aliyeona nyuso, lile la nyuso. Hawakuwa wakidanganya wala kuwazia. Kwa upande wa ubongo walikuwa wanaona.

Maono hayo kwa kawaida hayana sauti, na mwenyewe hujua si ya kweli. "Najua hawapo, lakini nawaona." Shangazi alikuwa ameyasema mambo yote mawili siku ile ya kwanza, sisi tukasikia moja tu. Mambo ya majini sina uwezo nayo na sitaki ugomvi na binamu yangu. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuhama nyumba kuna jicho la kupimwa. Na mzee akiona yasiyokuwepo huku amechanganyikiwa, au anasikia sauti, au ana homa, au ameanza dawa mpya, hayo yanaweza kuwa mambo mengine kabisa na daktari ndiye wa kuyatenganisha.

Jinamizi nalo ni jamaa wa karibu wa watoto hawa. Unaamka usiku, unaona chumba, unataka kupiga kelele na mwili haunyanyuki, na kitu kimekukalia kifuani. Usingizi wa ndoto, ule ambao macho hukimbia chini ya kope, ulielezwa huko Chicago mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman. Wakati wake ubongo hufunga karibu misuli yote ili usiamke ukapigana na ukuta. Fahamu zikitangulia kuamka kabla misuli haijafunguliwa, unabaki na mguu mmoja ndotoni. Uzito ule kifuani unausikia kweli. Nani amekukalia, hilo ndilo limekisiwa.

Sasa mpwa wangu. Amesikia kwamba ubongo hutunga dunia, akaruka moja kwa moja hadi kwenye kusema dunia haipo. Ameruka kigoda. Kidole cha mguu kilichovimba hakikutungwa na ubongo uliokuwa na hakika njia ni nyeupe. Kipo kitu huko nje kinachoyakataa makisio yetu yakiwa mabaya, na tofauti kati ya kuamka na kuota iko hapo: usiku makisio yanazurura bila mtu wa kuyakosoa, mchana yamefungwa kamba. Nilimwambia kama kweli haamini, avuke Jogoo Road saa kumi na moja jioni bila kuangalia. Alicheka, lakini sikumwona akienda.

Swali gumu zaidi linafuata. Kama kila ubongo unatunga dunia yake, kwa nini mtunzi hujiona mmoja, na kwa nini mimi siingii katika dunia yako hata tukibanana kiti kimoja cha matatu? Sehemu ya jibu ni rahisi kiasi cha kuchosha. Hakuna uzi wa neva unaotoka kichwani mwangu kwenda kwako. Seli zangu zinaongea zenyewe kwa zenyewe usiku na mchana. Zako nazo vilevile. Katikati yetu kuna hewa tu, na tunachoweza kurushiana ni maneno na sura ya uso.

Hata mtoto huchukua miaka kujua kwamba dunia yake si ya wote. Niliwahi kumjaribu mtoto wa jirani wa miaka mitatu. Nikamwambia: mama ameweka mandazi kabatini, ameenda dukani, na huku nyuma baba ameyahamishia kwenye sufuria. Mama akirudi ataenda kuyatafuta wapi? "Kwa sufuria," akajibu bila kusita. Yeye anajua yako kwenye sufuria, basi kila mtu anajua. Heinz Wimmer na Josef Perner walilichapisha jaribio la namna hii mwaka 1983, na watoto wengi huanza kulipata wakikaribia miaka minne au mitano. Yule wa jirani nilimrudia baada ya mwaka na nusu. Akasema kabatini, kisha akaniuliza kwa nini baba hakumwambia mama.

Ila "mimi ni mmoja" nayo ni kazi inayofanywa. Miaka ya 1960, kwa wagonjwa wachache wa kifafa kisichosikia dawa, madaktari wa Marekani walikata lile daraja la nyuzi zipatazo milioni 200 linalounganisha nusu mbili za ubongo. Kifafa kilipungua, na wagonjwa wakaonekana wa kawaida kabisa. Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga, wakaanza kuwaonyesha nusu moja ya ubongo kitu ambacho nusu ya pili haikukiona. Jaribio moja la miaka ya 1970 silisahau. Nusu ya kushoto, ambayo kwa watu wengi ndiyo inayozungumza, ilionyeshwa ukucha wa kuku. Nusu ya kulia ikaonyeshwa nyumba iliyofunikwa na theluji. Kisha mgonjwa akaambiwa achague picha zinazohusiana. Mkono wa kulia ukachagua kuku. Mkono wa kushoto, unaoongozwa na nusu ya kulia, ukachagua sepetu, maana theluji huondolewa kwa sepetu. Alipoulizwa kwa nini sepetu, nusu inayozungumza haikuwa na habari yoyote ya theluji. Haikusema sijui. Ilijibu palepale kwamba ukucha ni wa kuku, na sepetu ni ya kusafishia banda la kuku.

Ni msemaji wa serikali huyo. Hakuwa mkutanini, hajaambiwa kilichoamuliwa, lakini kipaza sauti kimewekwa mbele yake na lazima mambo yaonekane yalipangwa. Gazzaniga alishikilia kwamba sote tunaye, hata sisi ambao daraja letu ni zima, na kwamba ile hadithi ya "nilifanya hivi kwa sababu hii" mara nyingi hutungwa baada ya tendo.

Je, wagonjwa wale walikuwa watu wawili ndani ya ngozi moja? Wengi walisema ndiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2017 Yair Pinto wa Amsterdam na wenzake walieleza kwamba wagonjwa waliowapima waliweza kuashiria, kwa mkono wowote, kitu kilichotokea upande wowote wa macho yao, kana kwamba aliyekuwa akijibu ni mmoja ingawa picha zimegawanyika. Mabishano yanaendelea. Lakini hayo hayakuhalalisha ule uvumi wa kwamba kuna watu wa ubongo wa kushoto, wahasibu, na watu wa ubongo wa kulia, wasanii. Wewe daraja lako halijakatwa; unatumia pande zote.

Kuna jingine linalochanganywa kila siku. Mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili, hana "watu wawili ndani". Jina hilo, lililobuniwa na Mswisi Eugen Bleuler mwaka 1908 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili iliyopasuka, ndilo lililopotosha. Baadhi ya watafiti huieleza skizofrenia kama makisio kupewa uzito uliopita kiasi, hadi sauti isiyokuwepo inaweza kusikika na mara nyingi mwenyewe haoni sababu ya kuikana, tofauti na shangazi. Ile ya nafsi zinazopokezana ni hali nyingine, nadra, ambayo mwaka 1994 madaktari wa akili wa Marekani waliacha kuiita ya nafsi nyingi. Wanaoishughulikia wengi huihusisha na mateso makali ya utotoni, na wanaieleza kama mtu mmoja ambaye vipande vyake havikuwahi kushonwa pamoja, si kundi la wapangaji katika ploti moja. Na wale wauaji wa sinema ni wa sinema.

Kwa nini lakini kuna kuhisi kwenyewe, kwa nini vipigo vya umeme gizani vifikie kuwa uchungu wa jino, hapo hakuna aliyefika. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba katika miaka 25 alama ya fahamu ndani ya ubongo itakuwa imejulikana wazi. Juni 2023, huko New York, Koch alikiri mbele ya watu kwamba ameshindwa, akamkabidhi mwenzake mvinyo.

Shangazi tulimpeleka kwa daktari wa macho. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuonyesha mshangao, kisha akamuuliza sweta zao ni za rangi gani. Nadhani hapo ndipo alipopona nusu. Macho hayatarudi, dawa ya matone ni ya kulinda yaliyobaki, na watoto daktari alisema wanaweza kupungua wenyewe au wasipungue. Alimfundisha wakija awashe taa, au apepese macho, au ayapeleke kushoto na kulia mara kadhaa. Mara nyingi huondoka.

Jumapili iliyopita nilifika na kukuta amerudi kwenye kochi lake, upande wa dirisha, na chai ya maziwa mkononi. Nikajitupa pembeni yake. Akatazama mahali nilipokaa, akatabasamu, akanisukuma bega.

"Sogea huko kidogo, mwanangu. Umemkalia mmoja."